Dawa ya Rovu

Moyo wa Yusta ulikuwa ukipiga mara mia moja sitini na nane kwa dakika, na haukuwa umeshuka tangu alipoletwa Jumapili. Sasa ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daktari Emanueli alimwonyesha Mkaguzi Mwamvita namba hiyo kwenye mashine, kisha akamsomea joto la mwili: nyuzi arobaini. Nje, Lushoto yote ilikuwa imefunikwa na ukungu na wauguzi walikuwa wamevaa masweta, lakini mgonjwa alikuwa ameloa jasho mpaka shuka limemganda mwilini. Mikono ilimtetemeka. Macho yalikuwa yametoka, makubwa, hayatui mahali pamoja. Alipomwona Mwamvita alimdhani ni mama yake mwenyewe aliyekwisha kufa.

Dada mkubwa wa Yusta, ambaye wote walimwita Mama Rubeni, alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikombe cha chai, akimfuta midomo kwa pindo la kanga.

Mwamvita alikuwa amekuja kuchukua maelezo ya mgonjwa, akaona hayapatikani. Jalada lilifunguliwa jana yake, la kujaribu kuua kwa sumu. Mlalamikaji alikuwa Raheli, wifi yake Yusta. Mtuhumiwa alikuwa Lulu, binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka Zirai, upande wa Muheza, mke wa Kristian, mtoto pekee wa Yusta. Kristian alikuwa kazini Tanga, na Lulu aliishi Mtae na mama mkwe wake. Ndiye aliyekuwa akimpikia. Jana jioni watu wa kijiji walitaka kuichoma nyumba naye akiwa ndani. Mtendaji wa kata akamwahi na kumfungia ofisini.

Daktari alimtoa Mwamvita hadi kwenye korido.

“Sioni sumu ninayoijua,” alisema. “Huyu mama ni mgonjwa wangu tangu Novemba.”

Alimweleza kwa haraka, huku akigusa shingo yake mwenyewe chini ya koromeo. Hapo pana tezi ndogo inayotengeneza homoni, na homoni hiyo ndiyo inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ya Yusta ilikuwa inatengeneza kupita kiasi. Ndiyo maana alivimba shingo akawa na rovu, akakonda huku anakula sana, akawa halali, anaona joto wakati wenzake wanaona baridi, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Alipewa vidonge vya kuipunguza kasi ile tezi na akaelekezwa kwamba vinaliwa miezi mingi, mwaka na zaidi, na haviachwi kwa sababu mtu amejisikia nafuu. Kufikia Machi alikuwa ameongezeka kilo nne. Aprili, vidonge vikiisha, alitakiwa kurudi. Hakurudi.

“Kuacha dawa peke yake kunaweza kumfikisha hapa?”

“Kunaweza. Lakini tangu Jumapili nampa dawa ya tezi, dawa ya kutuliza moyo, maji ya mshipa, kila kinachotakiwa. Alipaswa kuanza kushuka, na hashuki hata kidogo. Kuna kitu kinaendelea kumchochea, afande, na sikijui.” Daktari aliangalia saa. “Damu nimeipeleka Moshi. Majibu wiki ijayo. Moyo huu hautafika wiki ijayo. Nitafutie kila alichomeza mwezi huu. Uji, chai, majani ya mti, chochote.”

Saa moja gari lilikuwa njiani.

Dereva, Koplo Saidi, aliijua barabara ya Mtae kona kwa kona, na bado iliwachukua saa nne. Mvua ya masika ilikuwa imeilainisha. Mahali pawili Mwamvita alishuka akatembea mbele ya gari kuangalia ukingo uko wapi. Walipofika penye kifusi kikubwa kilichosukumwa bondeni, Saidi alimwambia kwamba mlima uliporomoka hapo wiki nne kabla ya Yusta kuletwa hospitali, na kwa siku tisa hakupita gari wala pikipiki. Mwamvita aliandika: *wiki nne*. Alipiga simu wodini mara tatu. Mara ya tatu mtandao ulikatika kabla haijaita.

Mbele ya ofisi ya kata ya Mtae walikuwa wamesimama watu kama arobaini, wengine na miavuli, wengine wamejifunika mifuko ya salfeti. Hawakupiga kelele. Walimpisha Mwamvita kimya, na mtendaji, mzee Hezekia, akamfungulia mlango na kuufunga tena kwa komeo.

Lulu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alimwamkia shikamoo bila kuinua uso. Mwamvita alivuta kiti, kisha akabadili mawazo akaketi naye chini.

Juu ya meza Hezekia alikuwa ameweka kitu kilichowasha moto wote ule: pakiti ya sumu ya panya, iliyokutwa jikoni kwa Yusta. Mwamvita alivaa glavu, akaigeuza. Kingo zote nne zilikuwa zimebanwa kiwandani na hakuna uliofunguliwa. Aliiinua dirishani kwenye mwanga, akaitikisa, akatafuta tundu la sindano. Hakuliona.

“Umeinunua lini?”

“Wiki mbili zilizopita. Panya wanakula mahindi darini.”

“Mbona hujaitumia?”

“Mama alikuwa anakula hovyo, afande. Anaingia jikoni usiku anakula chochote. Niliogopa.”

Mwamvita alimwacha aseme. Lulu alisema kwamba alikuwa akisonga ugali wa watu wanne na mama mkwe anaumaliza peke yake, halafu anauliza chakula kimefichwa wapi. Na bado kitenge kilichokuwa kikimtosha sasa kilimzunguka mara mbili. Alikuwa halali. Alfajiri alifungua madirisha yote, baridi ya Mtae inaingia, yeye anajipepea. Aligombana na kila mtu. Mwezi uliopita alimrushia Lulu sufuria, naye akahamishia jiko lake nje. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba mkamwana kutoka Zirai amemtilia mama kitu.

“Hali hii ilianza lini?”

“Alikuwa amepona. Baada ya njia kukatika ndiyo ikarudi, tena kubwa kuliko ya kwanza.”

“Na dawa zake?”

“Za rovu? Alikuwa anakunywa kila siku. Hajawahi kuruka.”

Mwamvita aliinua kalamu. Kwa mujibu wa daktari, dawa za Yusta zilipaswa kuwa zimekwisha Aprili. “Una hakika?”

“Shangazi ndiye anayezitunza. Asubuhi, mchana, jioni, anampa yeye mwenyewe. Mimi siruhusiwi kuzigusa.”

Shangazi huyo alikuwa Raheli.

Nyumba ya Raheli ilikuwa mwendo wa dakika kumi kupanda. Mvua ilikata na jua likatoka kali, na Mwamvita alifika jasho likimtiririka mgongoni. Raheli alikuwa ameketi jikoni, goti karibu liguse kuni. Alivaa masweta mawili, koti la kiume na blanketi juu yake, na kitambaa kilichofungwa hadi kidevuni. Jirani mmoja alikuwa naye, mikono wazi bila sweta, anapepeta maharage.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na ilichelewa kutoka. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho.

Kabla hajaulizwa swali lolote, Raheli aligeuka kwa jirani akasema kwa Kishambaa kwamba hawa wa kuja wanalindana, huyu atamwachia yule msichana kabla jua halijazama. Mama yake Mwamvita alikuwa Mbondei wa Muheza, na Kibondei na Kishambaa vinasikilizana. Mwamvita alimjibu kwa Kiswahili, bila ukali, kwamba hajamwachia mtu, na kwamba angependa kwanza kuona dawa za mgonjwa.

Jirani aliacha kupepeta. Raheli akanyanyuka. Ilimchukua muda mrefu kunyanyuka.

Kibahasha kilikuwa peke yake ndani ya kopo tupu la majani ya chai, juu ya kabati. Kilikuwa kikuukuu, kimelainika kama kitambaa, kina jina la Yusta na maandishi ya mfamasia: *2 x 3*. Vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Mwamvita alitandika karatasi nyeupe mezani akakimimina taratibu. Vilitoka vidonge vidogo vyeupe. Alivihesabu kwa ncha ya kalamu: kumi na viwili. Kisha akakigeuza kibahasha chini juu na kukigonga kwa kidole.

Kutoka kwenye pembe zake lilidondoka vumbi kidogo, na vumbi lile lilikuwa la rangi ya waridi.

Alikigonga tena. Waridi tupu. Miezi yote ile kibahasha hiki kilikuwa kimebeba vidonge vya waridi, na vilivyokuwamo sasa vilikuwa vyeupe.

“Mama, nani alibadilisha dawa hizi?”

“Hakuna aliyebadilisha.”

“Zilizokuwamo mwanzo zilikuwa rangi gani?”

Raheli aliinama kusogeza kuni, na kitambaa kikalegea shingoni. Mwamvita aliona kovu, jembamba, limenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Aliangalia lile kovu, akaangalia blanketi, koti na masweta mawili, kisha jirani aliyekaa mikono wazi.

“Ulifanyiwa operesheni ya rovu,” alisema.

“Moshi. Mwaka wa kumi na moja huu.”

“Waliitoa tezi yote?”

“Yote.”

“Na wakakupa dawa.”

“Za maisha. Kimoja kila asubuhi kabla ya chai.”

“Leo asubuhi umekunywa?”

Raheli alijifunika blanketi vizuri. Hapo akaanza kueleza, polepole, na Mwamvita hakumkatiza.

Siku ile njia ilipokatika, dawa za Yusta ndiyo zilikuwa zimekwisha. Yusta alilia. Alikumbuka alivyokuwa kabla ya Novemba, na aliogopa kurudi kule. Raheli alikuwa na chupa mbili ambazo hazijafunguliwa, vidonge mia kila moja, alizoletewa na mpwa wake kutoka Moshi. Alijiambia kwamba yeye rovu lake lilikwisha kukatwa zamani, hana hatari tena, na mwenzake ndiye anayeumwa. Akamimina chupa zote mbili kwenye lile kopo, na kila mara akajaza kile kibahasha, akifuata kama kilivyoandikwa. Viwili, mara tatu. Njia ilipofunguliwa hawakuona haja ya kwenda kliniki, maana dawa ipo.

“Nilimpa zote,” alisema. “Dawa ya rovu ni dawa ya rovu, mwanangu. Yeye ni mke wa kaka yangu.”

Mwamvita alikuwa anahesabu. Chupa mbili, vidonge mia mbili. Sita kwa siku, kwa wiki nne, mia moja sitini na nane. Vilitakiwa kubaki thelathini na viwili. Mezani vilikuwepo kumi na viwili.

“Ishirini viko wapi?”

Kwa mara ya kwanza Raheli alionekana ameogopa.

“Mama, vidonge ishirini. Viko wapi?”

“Mama Rubeni aliondoka navyo. Nilimfungia kwenye pindo la kanga. Hospitali wakikukuta na dawa za nyumbani wanakunyang'anya, nikamwambia ampe kwenye chai, wasimwone.”

Mwamvita alitoka mbio.

Pale nyumbani simu haikuwa na hata alama moja ya mtandao. Jirani alimwelekeza kwenye mwamba ng'ambo ya kanisa, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi inaonekana chini kama ardhi ya nchi nyingine. Alikimbia kwenye matope, viatu vikimtoka. Simu iliita mara nane bila kupokelewa. Alipiga tena. Daktari alipokea akihema.

Mwamvita alisema yote kwa pumzi moja: wifi, operesheni, vidonge vyeupe, sita kwa siku, wiki nne.

“Ni kinyume kabisa,” Daktari Emanueli alisema. “Yule wifi hana tezi, kwa hiyo anakula homoni yenyewe kwenye kidonge. Yusta anayo homoni ya kuzidi. Sisi tunahangaika kumpunguzia, na huko nyumbani wamekuwa wakimwongezea hiyo hiyo. Kidonge kimoja kinatosha mtu mzima kwa siku nzima. Yeye amekula sita.”

“Na anaendelea kula. Angalia kanga ya Mama Rubeni. Pindo. Sasa hivi, daktari.”

Alisikia hatua kwenye korido, mlango, sauti ya mwanamke ikipanda, kisha sauti ya daktari ikiomba kwa upole, kikombe kikiwekwa mezani. Mwamvita alisimama ukingoni mwa mwamba, kidole kimeziba sikio la pili ili upepo usiifunike sauti.

“Vinane,” daktari alisema. “Viwili viko kwenye chai, havijayeyuka. Hajainywa.” Alivuta pumzi. “Sasa najua ninapambana na nini. Bado yuko hatarini, homoni hii haitoki mwilini kwa siku moja. Lakini kuna namna ya kuizuia isiendelee kufyonzwa tumboni, na naanza dakika hii. Huyo wifi yake yukoje?”

Mwamvita alimweleza: baridi, uvimbe, sauti, kuchelewa kunyanyuka.

“Wiki nne bila kidonge. Mlete. Usimwache alale huko.”

Alirudi kwa Raheli akitembea. Hakukuwa na njia nzuri ya kumwambia. Alimwambia kama daktari alivyosema, kwamba maradhi yanaweza kuitwa jina moja na yakawa mawili yanayopingana, na kwamba alichompa wifi yake ndicho kilichokuwa kinamuua. Hakuna mtu aliyetia kitu kwenye uji. Raheli alisikiliza mikono ikiwa juu ya moto. Hakulia. Aliuliza kama Yusta atapona, na Mwamvita akajibu kwamba daktari sasa ana nafasi ambayo asubuhi hakuwa nayo. Kisha Raheli aliuliza kama atafungwa.

“Nitaandika nilichokikuta,” Mwamvita alisema. “Nilichokikuta si jaribio la kuua.”

Ndivyo alivyoandika. Jalada lilifungwa wiki tatu baadaye, baada ya Yusta mwenyewe, mapigo yake yakiwa themanini na nne na dawa yake ya waridi ikiwa mkobani, kutia saini maelezo kwa mkono usiotetemeka. Lakini siku ile hakuna aliyejua kwamba ingefika huko, na mbele ya ofisi ya kata watu walikuwa wameongezeka.

Mwamvita alikuwa amekusudia kuwatangazia yeye mwenyewe. Njiani kuteremka Raheli alimkataza. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeleta maneno yale kijijini, kwa hiyo ni yeye wa kuyaondoa. Saidi alimshika mkono penye utelezi, wakasimama mara nyingi apumzike. Hezekia alifungua komeo. Lulu alitoka hadi kizingitini akasimama hapo, asijue kama amefunguliwa au anapelekwa kwingine.

Raheli alipanda ngazi mbili za ofisi na kugeukia watu. Alisema kwa Kishambaa, kisha kwa Kiswahili, kwamba dawa zilizomdhuru Yusta zilikuwa zake. Yeye ndiye aliyempa, kwa mkono wake. Huyu mtoto hana kosa.

Sauti yake haikufika mbali. Ilikwaruza ikazimika, na waliokuwa nyuma wakaanza kuulizana amesema nini. Raheli alijaribu tena, midomo ikatikisika, haikutoka sauti. Mtu mmoja chini ya mwavuli alipaza sauti akitaka kujua ni nani basi aliyempa mama wa watu sumu.

Mwamvita alipiga hatua mbele. Lulu alimtangulia. Alitoka kizingitini, akapita mbele ya Hezekia, akaja kusimama kwenye ngazi kando ya Raheli, karibu kiasi kwamba mabega yao yaligusana. Alikuwa hajanawa uso tangu jana. Aliwaangalia watu wale, wengi wao aliowajua kwa majina, na akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa aliyesimama mwisho:

“Shangazi anasema alimpa mama dawa aliyokuwa akinywa yeye mwenyewe. Akabaki bila. Alitaka mama apone.”